Mlinzi Asiyelala

1. Mbiu na maadui zake

Hapo zamani, katika miji ya pwani ya Afrika ya Mashariki, palipotokea jambo la kuwahusu watu wote, mbiu ilipigwa. Mpiga mbiu alipita njia kwa njia na pembe yake, na watu waliposikia sauti yake waliacha kazi zao wakatoka kumsikiliza. Ndiyo sababu wahenga walisema, "Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo."

Walakini pembe hailii yenyewe. Sharti awepo mtu mwenye macho ya kuona, mwenye akili ya kupambanua lililo jambo na lisilo jambo, na mwenye mkono wa kuipiga. Mtu huyo akilala, pembe nayo imelala. Akiipiga pasipo jambo, mara ya kwanza watu watakuja, mara ya pili watakuja wakinung'unika, na mara ya tatu hawatakuja kabisa. Na akiwaambia ya kwamba hatari iko kaskazini, nayo iko kusini, mbio zao zote ni bure.

Basi hayo matatu, yaani kulala, kulia bure, na kukosea mahali, ndiyo maadui wa kila kengele ya hatari tangu zamani hata leo.

2. Miji iliyojifunza kwa msiba

Mwaka 1852, katika mji wa Boston huko Marekani, daktari William Channing na mvumbuzi Moses Farmer waliweka kengele ya moto iliyotumia waya za telegrafu. Masanduku yaliwekwa njiani, kila moja likiwa na namba yake. Mtu aliyeona moto alifungua sanduku akazungusha mpini, na namba ya sanduku lile ikaenda kwa waya hata ofisi kuu. Kutoka huko kengele za mji zililizwa kwa hesabu, na wazima moto wakajua ni upande gani wa kukimbilia. Mwaka uliofuata mtu mmoja wa jirani na mji huo, Augustus Pope, alipewa hati ya uvumbuzi wa kengele ya wezi. Mlango au dirisha likifunguliwa, njia ya umeme iliungana na kengele ikalia. Hivyo kengele ya moto na kengele ya wezi ni kama ndugu wawili waliozaliwa nchi moja, wakifuatana.

Lakini chombo kizuri hakimponyi mtu kikipewa amri mbaya. Usiku wa tarehe 8 Oktoba 1871 moto ulizuka katika mji wa Chicago, baada ya ukame mrefu. Nyumba nyingi za mji huo zilikuwa za mbao. Mlinzi aliyekuwa juu ya mnara wa mahakama aliuona mwanga, lakini alikosea kukisia umbali wake, akaagiza ipigwe namba 342. Sanduku la namba hiyo lilikuwa mbali na moto kadiri ya maili moja. Alipotambua kosa lake alitaka namba isahihishwe, lakini mwenye kupiga telegrafu alikataa, akiogopa kwamba namba mbili zingewachanganya wazima moto. Upepo na ukame vilikuwa na sehemu kubwa katika msiba ule, wala si kosa hilo peke yake. Lakini dakika za kwanza zilipotea, na dakika za kwanza ndizo zenye thamani. Moto uliwaka hata tarehe 10. Watu wapatao 300 walikufa, na watu wapatao 100,000 wakakosa makao.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 9 Novemba 1872, moto mkubwa ulizuka Boston kwenyewe, katika mji ule ule ulioanzisha masanduku. Safari hii adui alikuwa mwingine. Watu wapuuzi walikuwa wameyachezea masanduku na kuwaita wazima moto bure, kwa hiyo wakubwa wa mji walikuwa wameyafunga kwa ufunguo. Funguo zilikuwa kwa polisi na kwa watu wachache walioaminiwa. Moto ulipoonekana, mwito ulichelewa. Tena farasi wa zimamoto walikuwa wagonjwa kwa tauni iliyowashika siku zile, na baadhi ya mitambo ilivutwa kwa mikono ya watu. Majumba 776 yaliteketea.

Msiba wa tatu uliwapata watoto. Tarehe 1 Desemba 1958, katika shule ya Our Lady of the Angels huko Chicago, moto ulianza chini ya ngazi, muda mfupi kabla ya wanafunzi kuruhusiwa kwenda nyumbani. Kengele ya shule ililia ndani ya jumba tu; haikuwa imeunganishwa na zimamoto. Mtu aliyepiga simu ya kwanza alitoa anwani ya nyumba ya mapadre iliyokuwa jirani, na magari yakaelekea huko kwanza. Watoto 92 na masista 3 walikufa. Baada ya msiba huo sheria za moto za shule zilibadilishwa katika miji mingi ya Marekani.

Katika habari hizo tatu mtu hawezi kusema ya kwamba watu hawakuwa na kengele. Walikuwa nayo. Kilichopungua ni mpango wake.

3. Sanduku la amri

Siku hizi benki, hospitali, maghala, hoteli na shule nyingi hulindwa na sanduku la amri. Kwa nje ni sanduku la chuma lililokazwa ukutani. Ndani yake mna kompyuta ndogo, mna betri, na mna safu ya skrubu za kupokea waya. Karibu na mlango huwekwa kibao chenye vitufe vya namba na kioo kidogo kinachoonyesha maneno. Katika majumba makubwa sanduku la moto na sanduku la wezi ni mbalimbali. Katika majumba madogo sanduku moja hufanya kazi zote mbili.

Sanduku litokapo kiwandani ni kama askari mgeni aliyefika jana kutoka mbali. Ana nguvu, wala hana usingizi. Lakini hajui nyumba ina milango mingapi, hajui nani mwenyeji na nani mgeni, wala hajui amwite nani hatari ikitokea. Kabla ya kukabidhiwa lindo sharti afundishwe. Fundi hulifundisha sanduku kwa kubonyeza vitufe vya kibao, au kwa kompyuta iliyounganishwa nalo. Kila amri ina mahali pake penye namba: mahali hapa huandikwa muda wa kutoka, pale aina ya mlango, na pengine namba ya simu ya zimamoto.

Kazi hii yataka uangalifu mwingi. Mtumishi mwanadamu akipewa amri ya kipumbavu atauliza, "Bwana, ndivyo utakavyo?" Sanduku haliulizi. Tarakimu moja ikikosewa, hutii kosa kama linavyotii amri njema. Kwa hiyo fundi mwema huandika amri zote katika karatasi kwanza, akazisoma pamoja na mwenye nyumba, ndipo agusapo vitufe.

4. Macho na pua za sanduku

Sanduku lenyewe halioni wala halinusi. Hupokea habari kutoka kwa vihisi, yaani vyombo vidogo vilivyotawanywa nyumbani kote.

Kihisi cha mlango kina sehemu mbili: kipande cha sumaku kilichotiwa katika ubao wa mlango, na swichi ndogo iliyotiwa katika mwimo. Mlango ukiwa umefungwa, sumaku huivuta swichi na umeme hupita. Mlango ukifunguliwa, sumaku huondoka na njia ya umeme hukatika. Kihisi cha chumba hupeleleza joto la mwili wa mtu aendaye. Kihisi cha moshi kina chumba kidogo chenye giza, ambamo mwali mwembamba wa nuru hupita bila kuonwa. Moshi ukiingia, nuru hutawanyika na kulifikia jicho la umeme lililokuwa halioni kitu. Kihisi cha joto hakijali moshi. Huita joto likipanda mpaka kadiri iliyowekwa, kama digrii 60 hivi, au likipanda upesi kuliko desturi.

Mwizi mwerevu aweza kufikiri, "Nitaziunganisha waya hizi, na mlango nitaufungua pasipo sanduku kujua." Kwa hiyo mwishoni mwa kila waya, mahali pa mbali kabisa na sanduku, fundi hutia rezista, yaani kipande kidogo kinachopunguza mwendo wa umeme kwa kadiri inayojulikana. Sanduku huipima kadiri hiyo saa zote. Ikiwa sawa, mambo ni salama. Umeme ukikatika, mlango umefunguliwa au waya umekatwa. Umeme ukizidi, waya zimegusana au zimeunganishwa na mtu. Mafundi wavivu huitia rezista ndani ya sanduku kwa kuwa ni rahisi. Lakini hapo sanduku hujipima lenyewe, wala halizipimi waya, na ulinzi umekwisha.

Katika waya za moto desturi ni nyingine kidogo. Kihisi cha moshi kikiamka huongeza umeme upitao, na sanduku hutangaza moto. Lakini waya ukikatika, sanduku halitangazi moto, bali hutoa mlio mdogo na kuwasha taa ya manjano, ili fundi aitwe. Maana kuwatoa watu nje usiku kwa ajili ya waya ulioliwa na panya ni kuwafundisha kuidharau kengele.

5. Amri zinazowekwa

Amri ya kwanza ni jina la kila eneo. Jumba hugawanywa katika maeneo, na kila eneo hupewa namba na jina. Jina likiwa "Eneo la 4" tu, nani atajua pa kukimbilia? Lakini likiwa "Bweni, orofa ya juu, upande wa mashariki," hata mgeni atafika. Vihisi vikihamishwa, na majina yabadilishwe siku ile ile. Mlinzi wa Chicago aliwapeleka watu maili moja mbali na moto. Jina baya katika sanduku laweza kuwapeleka orofa isiyo yenyewe, na hiyo yatosha kuua.

Amri ya pili ni aina ya eneo. Maeneo mengine hungoja kidogo, kama mlango ambao mwenyeji huingilia. Mengine huita papo hapo, kama dirisha, kwa kuwa hakuna mwenyeji aingiaye kwa dirisha. Mengine hulinda saa zote 24, hata mchana ulinzi wa wezi ukiwa umeondolewa. Maeneo ya moto ni ya namna hii. Mtu akiondoa ulinzi wa wezi asubuhi, ulinzi wa moto hubaki, maana moto haungoji usiku.

Amri ya tatu ni muda. Mwenyeji akiweka ulinzi jioni hupewa muda wa kutoka, pengine sekunde 60. Akirudi hupewa muda wa kuingia, pengine sekunde 30, ili abonyeze namba yake ya siri kabla king'ora hakijalia. Muda ukiwa mfupi mno, mzee aendaye polepole ataliza king'ora kila siku. Ukiwa mrefu mno, mwizi atachukua atakacho na kwenda zake. Fundi hupima kwa hatua za mtu aendaye polepole kuliko wote wa nyumba hiyo, kisha huongeza kidogo tu.

Amri ya nne ni uthibitisho. Vumbi, mvuke au mdudu aweza kukiamsha kihisi cha moshi kwa kitambo. Kwa hiyo masanduku mengi yaweza kuamriwa kukituliza kihisi kilichoita, kungoja kwa muda usiozidi dakika moja, na kutazama kama kitaita tena. Kikiita tena, ni moto. Hii ni njia bora kuliko ile ya Boston ya kufunga kwa ufunguo, kwa kuwa yapunguza milio ya bure pasipo kumzuia mtu wa kweli. Lakini kitufe cha ukutani, kile abonyezacho mtu aliyeuona moto kwa macho yake, hakiwekewi kungoja hata kidogo. Mtu amekwisha thibitisha.

Amri ya tano ni sauti. Mlio wa moto na mlio wa wezi visifanane, kwa sababu matendo yake hayafanani: kwa moto watu hutoka nje, na kwa mwizi pengine ni heri wakae ndani. Huko Marekani na katika nchi nyingine kadhaa, king'ora cha moto hulia mara tatu, hunyamaza kidogo, kisha hulia tena mara tatu. Cha wezi hulia mfululizo. Mambo mawili yakitokea pamoja, sauti ya moto huishinda ya wezi. Tena king'ora cha wezi huamriwa kunyamaza chenyewe baada ya dakika kadhaa, ili kisiwaudhi majirani usiku kucha. Lakini desturi njema ni kuacha cha moto kilie mpaka mtu mwenye amri akinyamazishe.

Amri ya sita ni mwito wa nje. Sanduku huandikiwa limwite nani: ofisi ya walinzi, zimamoto, au mwenye nyumba. Huandikiwa pia njia ya pili, kama simu ya mkononi, ili ya kwanza ikikatika mwito usikatike. Na kila siku, saa iliyowekwa, hupeleka habari fupi ya kusema, "Mimi ni mzima." Habari hiyo isipofika, wale wa ofisi hujua ya kwamba mlinzi wao amepatwa na jambo. Kengele ya shule ile ya Chicago haikuwa na sauti nje ya kuta zake. Amri ya sita ndiyo inayolipa sanduku sauti hiyo.

Amri ya saba ni namba za siri. Fundi ana namba yake ya kubadili amri. Mwenye nyumba ana namba kuu ya kuwapa na kuwanyima wengine. Na kila mtumishi ana namba yake mwenyewe, ili ijulikane nani aliyefungua na saa ngapi. Kwa sababu hiyo saa na tarehe ya sanduku nayo sharti iwe sahihi. Masanduku hutoka kiwandani na namba iliyo rahisi, iliyoandikwa katika kitabu chake, na kila mwizi mwenye kusoma aweza kukisoma kitabu hicho. Kwa hiyo namba ya kiwandani hubadilishwa siku ya kwanza. Mtumishi akiacha kazi, namba yake hufutwa siku hiyo hiyo. Tena iko namba ya shida: mtu akilazimishwa na wezi kuondoa ulinzi, huibonyeza hiyo, sanduku hunyamaza mbele yao kana kwamba limetii, na kwa siri huita msaada.

6. Mfano wa shule yenye bweni

Ili mambo hayo yaeleweke, itazamwe shule ndogo yenye ofisi, ghala, jiko na bweni. Fundi ameizunguka pamoja na mwalimu mkuu, nao wameandika hivi:

Eneo la 1: Mlango wa ofisi. Wezi. Hungoja sekunde 30.
Eneo la 2: Madirisha ya ofisi. Wezi. Papo hapo.
Eneo la 3: Ghala la vitabu na vyakula. Wezi. Papo hapo.
Eneo la 4: Bweni. Moto, kwa moshi. Saa zote.
Eneo la 5: Jiko. Moto, kwa joto. Saa zote.
Eneo la 6: Vitufe vya ukutani. Moto. Saa zote, bila kungoja.
Eneo la 7: Kifuniko cha sanduku na cha king'ora. Saa zote.

Mtu aweza kuuliza kwa nini jiko limepewa kihisi cha joto, na bweni kihisi cha moshi. Sababu ni hii. Jikoni moshi ni mgeni wa kila siku. Kihisi cha moshi kikiwekwa huko kitalia kila wapikapo ugali, na baada ya juma moja mpishi atakifunga kwa kitambaa. Lakini katika bweni watoto wamelala, na moshi huwafikia walalao kabla ya joto. Wakingoja joto, watakuwa wamekwisha kosa pumzi. Kwa hiyo kila mahali hupewa pua ipasayo.

Eneo la 7 laonekana kama si kitu, kumbe ni mlinzi wa mlinzi. Mtu akitaka kufungua sanduku mchana ili akate waya na kurudi usiku, mara kifuniko kinapoondoka king'ora hulia, ijapokuwa ulinzi wa wezi haujawekwa.

7. Mabwana wawili

Sanduku hili hutumikia mabwana wawili wasiopatana. Ulinzi wa wezi husema, "Funga milango." Ulinzi wa moto husema, "Fungua milango." Mara nyingi watu humwogopa mwizi zaidi, kwa kuwa mwizi huja mara kwa mara na moto huja kwa nadra. Kwa hiyo hutia nondo madirishani na kufuli milangoni, wakisahau ya kwamba kizuiacho kuingia huzuia na kutoka.

Msiba wa namna hiyo uliipata Afrika ya Mashariki pia. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi 2001, katika shule ya sekondari ya Kyanguli, huko Machakos, Kenya, bweni liliwaka moto wavulana wakiwa usingizini. Mlango mmoja kati ya miwili ulikuwa umefungwa kwa kufuli, na madirisha yalikuwa na nondo. Wavulana 67 walikufa.

Mabwana hao wawili wakishindana, sheria ni moja: uhai hutangulia mali. Kwa hiyo katika majumba ambayo milango yake hufungwa kwa sumaku ya umeme, sanduku huamriwa kukata umeme wa sumaku hizo mara moto utangazwapo, na milango yote ya kutokea hulegea yenyewe. Na mahali ambapo kufuli ni za kawaida, hakuna amri ya sanduku iwezayo kuzifungua. Hapo sharti watu wenyewe wahakikishe ya kwamba kila mlango wafunguka kutoka ndani, pasipo ufunguo. Sanduku hupiga mbiu tu. Halizimi moto, wala halimbebi mtu.

8. Betri na majaribio

Umeme wa mji hukatika, na mwizi aweza kuukata kwa makusudi. Kwa hiyo sanduku hupewa betri, na kadiri yake hupigiwa hesabu. Tuseme sanduku na vihisi vyake hutumia nusu ya ampea wakati wa utulivu, nayo yatakiwa kudumu saa 24. Nusu mara 24 ni ampea-saa 12. Kisha king'ora kikilia kwa nusu saa na kutumia ampea 2, hiyo ni ampea-saa 1. Jumla ni 13. Kwa kuwa betri hudhoofika kwa umri, huongezwa robo ya jumla, ikawa 16 na robo. Fundi hachagui betri ya 12 kwa kuwa ni ya bei nafuu. Huchagua iliyo juu ya hesabu.

Kazi haijaisha mpaka kila kihisi kimejaribiwa. Kwanza wale wa ofisi ya walinzi huarifiwa, wasije wakaleta magari bure. Kisha fundi hufungua kila mlango, hupita kila chumba, hupuliza moshi wa majaribio katika kila kihisi cha moshi, huku mwenzake akisimama mbele ya kibao na kusoma kila jina. Mmoja asema, "Nipo bwenini, upande wa mashariki." Kibao kikisema "Jiko," kosa limepatikana mchana, na watoto hawakulipwa nalo usiku. Mwishoni ofisi huarifiwa tena ya kwamba majaribio yamekwisha. Walio wengi hukosea hapa: huondoka na sanduku likiwa bado katika hali ya majaribio, au eneo moja likiwa limezimwa kwa muda na kusahauliwa. Sanduku la namna hiyo lina taa, lina kibao, lina sifa zote za mlinzi. Walakini limelala macho wazi.

Wanafunzi nao wana sehemu yao. Hawachezei vitufe vya ukutani, kwa kuwa wajua masanduku ya Boston yalifungwa kwa ajili ya wachezaji. Hawafuniki kihisi kwa nguo. Walijua jina la eneo lao, na njia mbili za kutokea. Na siku ya mazoezi kengele iliapo, hutoka upesi kwa utaratibu kana kwamba ni moto wenyewe, wakahesabiwa uwanjani mmoja mmoja. Maana mlinzi asiyelala amekwisha fanya kazi yake aliapo. Iliyobaki ni ya miguu ya wenye kusikia.

Maswali

1. Taja maadui watatu wa kengele ya hatari, na kwa kila mmoja eleza msiba mmoja uliosimuliwa katika somo hili.
2. Kwa nini rezista huwekwa mwishoni mwa waya, wala si ndani ya sanduku?
3. Kwa nini jiko na bweni havikupewa kihisi cha namna moja?
4. Sanduku likitumia robo ya ampea wakati wa utulivu, na king'ora kikitumia ampea 2 kwa nusu saa, piga hesabu ya betri ya saa 24, kisha ongeza robo.
5. Chora ramani ya shule yako. Igawanye katika maeneo, uyape majina, na useme kila moja lingewekwa kuwa la aina gani. Onyesha milango ambayo haifunguki kutoka ndani pasipo ufunguo, kisha umpelekee mwalimu ramani hiyo.